Hiyo 囧 ni herufi, sio emoji

Ndugu, umeuliza hiyo 囧 wanayotumiana Wachina kwenye meseji ni emoji au herufi. Ni herufi kabisa tena ya kale mno, inasomwa jiǒng, sauti unaishusha chini halafu mwishoni unaipandisha kidogo. Asili yake ni picha ya dirisha na maana yake mwanga, kung'aa, hata kamusi ya Xu Shen, msomi wa kale wa Kichina, ya mwaka 100 hivi baada ya Kristo, inaieleza kama dirisha linaloingiza nuru. Na hapa ndo patamu: neno "angavu" siku hizi wanaandika 明, jua na mwezi, ila zamani kulikuwa na umbo 朙, yaani 囧 na mwezi pembeni, mbalamwezi inapenya dirishani, mi nikiliona hilo naona kabisa chumba cha usiku. Baadaye hiyo 囧 ikawa haitumiki sana, mpaka kwenye 2008 hivi vijana mtandaoni wakaona ni sura ya mtu, ile 八 ya ndani ndo nyusi zimelegea, na 口 chini yake mdomo wazi. Na kwa vile inatamkwa sawasawa na herufi nyingine 窘, yenye maana ya kubanwa au kuaibika, ikabeba maana ya "nimeumbuka, sina la kusema".