Baba mtoto hataki kusikia habari ya usonji

Dada wa Kondele, Kisumu, unasema mtoto wako wa miaka mitatu ameonekana ana usonji (autism), baba yake anashikilia kwamba ataongea tu, na nauli ya kwenda vikao vya tiba mara mbili kwa wiki imekushinda.

Pole. Mimi pia nilianzia hapo. Mume wangu sikumshinda kwa maneno, nilimpeleka akakae kwenye kikao. Akamwona mtaalamu ameshika kikombe cha maji, kanyamaza, anasubiri. Kijana wetu akamtazama usoni, akanyoosha mkono. Ndipo akapewa. Jioni ile baba mtu akajaribu mwenyewe kwa kipande cha chapati.

Nauli ikikosekana, mwombe mtaalamu akuonyeshe zoezi moja la kufanya nyumbani wakati wa kula, kuoga au kuvaa. Kazi kubwa iko hapo kuliko kwenye ile saa moja ya kliniki. Hata mkienda mara moja kwa wiki mbili, si haba.

Msajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na uulizie kituo cha tathmini ya elimu (EARC) kilicho karibu, ndiko watoto hutathminiwa kwa ajili ya shule. Atakayekuuzia dawa ya kuponya usonji mkimbie, haipo.

Wale mashangazi wanaosema amerogwa (mimi niliambiwa nifunge siku saba!) usibishane nao. Mwachie mmoja wao mtoto Jumamosi mchana, wewe ulale.