Nimemkuta bibi chini usiku, nesi kaniambia nisiandike

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi Mtanzania niko Ohio, nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa nesi mwenye cheti, kwenye nyumba ya wazee. Wiki iliyopita shifti ya usiku nimeingia chumbani kama saa tisa hivi nikamkuta bibi mmoja kakaa chini pembeni ya kitanda, kumbukumbu zake zimeshapungua, ukimuuliza anacheka tu. Nesi wa zamu akaja tukamwinua, akasema huyu hajaanguka, kateleza tu, usiandike chochote. Asubuhi mkono umevimba na umebadilika rangi, binti yake anauliza kulikoni, mimi kimya. Sasa usingizi hauji. Nikisema nitafukuzwa? Jina langu usiweke.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza hilo la "kateleza tu" litoe kichwani, kwa taratibu za Marekani mzee akikutwa chini inahesabiwa ameanguka mpaka kuwe na ushahidi mwingine, hata asipokuwa na alama yoyote. Na kwa vile hakuna aliyeona, ilitakiwa nesi amkague kabla hamjamwinua, halafu afuatiliwe kwa masaa mengi, fahamu zake, mboni za macho, presha, maana kichwa kinaweza kuwa kimegonga na kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande anaweza kuvuja ndani kwa ndani huku anacheka hivyo hivyo. Ndo maana hili linaniuma kuliko hayo makaratasi.

Halafu angalia kimya kimefanya nini. Mngeandika usiku ule ingekuwa ripoti ya kuanguka, basi. Sasa hivi kuna mzee ana mkono umevimba, mwenyewe hawezi kueleza na hakuna maandishi, yaani jeraha lisilojulikana chanzo, na hilo likitia shaka sheria ya serikali kuu inataka liripotiwe kwa jimbo kama tuhuma ya unyanyasaji au kutelekezwa, ndani ya masaa 2 kama ni unyanyasaji au mzee kaumia vibaya, mengine masaa 24, na matokeo ya uchunguzi yapelekwe ndani ya siku 5 za kazi. Watahojiwa wote waliokuwa zamu, na wewe umo.

Kwa hiyo nenda leo leo, usisubiri shifti yako, muone mkurugenzi wa manesi, umwambie na umpe maelezo kwa maandishi. Tarehe weka ya leo, eleza tukio lilikuwa lini, usije ukarudisha tarehe nyuma hata ukiambiwa na nani. Andika ulichoona tu: nimemkuta amekaa chini, amevaa nini miguuni, taa ilikuwaje, kengele ya kuita ilikuwa wapi, mara ya mwisho kumpeleka chooni saa ngapi. Usiandike "alianguka", hukuona. Usiandike nesi ni mvivu. Na maneno aliyokwambia yaandike kama alivyoyasema. Picha kwa simu usipige, na faili la bibi usitoke nalo.

Wakikupuuza, namba ya simu ya jimbo na ya ombudsmani, yaani mtetezi wa haki za wazee wanaoishi humo, zinatakiwa ziwe zimebandikwa ukutani hapo hapo kazini, piga. Kuna sheria ya mwaka 2010 inayokataza nyumba ya wazee kumlipizia mfanyakazi aliyeripoti anachoshuku kuwa ni uhalifu. Sikuahidi kwamba hutaulizwa maswali magumu, utaulizwa, mbona ulikaa kimya wiki nzima, jibu ukweli kwamba uliogopa. Kosa la kuchelewa linazungumzika, ila jina likishaingia kwenye rejista ya CNA ya jimbo kwamba umemtelekeza mzee, nyumba za wazee hazitakuajiri tena.

Yule binti naye ana haki ya kuambiwa, lakini mwachie mkurugenzi au nesi ampigie, wewe usimweleze koridoni.

Na ukiingia zamu pita kwa bibi kwanza uone kengele anaifikia, maana mi nahisi alikuwa anatafuta choo.