Amwambie, ila kwanza ajue anamwambia nini

Mmetuuliza wasomaji wenu wiki hii: binti amepimwa, ameambiwa ana PCOS, yaani hitilafu ya homoni inayofanya mayai ya mwanamke yasitoke kwa mpangilio, na huku nyumbani mshenga ameshaanza kubisha hodi. Je, amwambie mchumba wake au anyamaze mpaka ndoa ipite?

Amwambie. Nilikuwa binti huyo, hapa hapa Tukuyu, na wa kwangu nilimwambia kabla hata ya kishika uchumba. Najua wapo watakaojibu kwamba watoto hutoa Mungu na hakuna haja ya kujichongea. Sawa, hutoa Mungu. Lakini vipimo utakwenda wewe, dawa utameza wewe, na mwanamume anayekuta vidonge vimefichwa chini ya godoro atajitungia maelezo yake mwenyewe.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba wasichana wengi wakishajikaza kusema, wanasema jambo ambalo daktari hakulisema. Wanasema, "Mimi sizai." Neno hilo likishatoka halirudi, na ukoo mzima utakuwa nalo kabla ya ibada ya Jumapili.

Daktari alisema nini hasa? Kwa kawaida kila mwezi ndani ya ovari vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua, kimoja kikawaacha wenzake, kikapasuka na kutoa yai. Kwa mwenye PCOS, homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo kidogo, kwa kawaida huwa zimezidi. Mara nyingi insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, nayo iko juu na inazidi kuichochea ovari izitengeneze. Basi vile vifuko vinaanza kukua halafu vinakwama. Kwenye altrasaundi vinaonekana vingi, vimejipanga pembezoni, na hakuna hata kimoja kinachofikia punje ya mahindi. Mpimaji anaandika "vivimbe vingi", binti anasoma "uvimbe", shangazi anasikia "saratani", na mtu wa tatu anakwambia ukatwe haraka. Hakuna cha kukatwa pale. Mayai yapo. Tatizo ni kwamba hayatoki, au yanatoka mara chache na bila ratiba. Mwanamke ambaye yai lake lilitoka Machi na lingine likatoka Agosti anaweza kushika mimba Machi au Agosti. Ndiyo maana wapo waliojihesabu tasa, wakaacha kujikinga, wakashtukia tumbo.

Kwa wanaopenda historia: ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1935 na madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal. Waliandika habari za wanawake 7. Enzi hizo hakukuwa na vidonge vya kazi hiyo, wakawapasua na kuondoa kipande cha ovari. Wote 7 wakarudi kuona siku zao, na 2 wakapata mimba. Yaani hata kwenye maandishi yale ya mwanzo, mimba zimo.

Kabla ya kumwambia mtu, binti ahakikishe pia kwamba anao kweli. Picha peke yake haitoshi, maana ovari za msichana mdogo zinaweza kuonekana hivyo na asiwe na ugonjwa wowote. Tangu mkutano wa wataalamu wa Rotterdam mwaka 2003, mwanamke mzima husemwa ana PCOS akiwa na mawili kati ya haya matatu: hedhi zisizo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Na kwanza yaondolewe magonjwa yanayofanana nayo. Tezi ya shingo ipimwe, na homoni ya maziwa, prolaktini, nayo ipimwe. Mimi kwenye zahanati moja niliambiwa sina, kwa sababu nilikuwa mwembamba na "PCOS ni ya wanene". Huku kila Jumamosi nakaa dirishani na kioo cha mkononi nang'oa ndevu za kidevuni kwa kibano, na ngozi ya nyuma ya shingo imekuwa nyeusi hata nisugue vipi. Weusi ule si uchafu, ni insulini. Wembamba wanao pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi 70 kati ya kila 100 wenye tatizo hili hawajagunduliwa, na nikikumbuka zahanati ile wala sishangai.

Sasa kumwambia kwenyewe. Tulikuwa soko la Mwanjelwa, Mbeya, tumekwenda kuulizia bei za magodoro. Tukaingia kwa mama mmoja anayeuza chai na maandazi, nikamtolea karatasi. Akaisoma polepole, akaikunja, akaikunjua tena. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Inauma?" La pili: "Na mimi napimwa nini?"

Dada unayesubiri ushauri wetu, lisikilize vizuri hilo swali la pili, na mchumba wako asipouliza, muulize wewe. Mimba ikichelewa, wa kwanza kutazamwa ni mwanamke, na akishapewa jina la ugonjwa basi kesi imefungwa. Wakati kipimo cha mbegu za kiume ni rahisi kuliko karibu vyote anavyopimwa mwanamke, hakuna sindano wala kulala kitandani. Kuna wanawake wamemeza dawa za kupevusha mayai mwaka mzima, kumbe mume hana mbegu za kutosha, au mirija ya mwanamke mwenyewe imeziba na hakuna aliyeipiga picha. Mwanamume anayekataa kupimwa amekwisha kujibu swali lenu la wiki hii, na ni heri amelijibu kabla ya mahari.

Wa kwangu alipima. Kosa lake, kama ni kosa, ni kumshirikisha baba yake mdogo. Mzee akamtuma mshenga aulize kwa adabu zote kama, kwa hali hiyo, ng'ombe wanaweza kupungua. Baba yangu akamjibu kwamba hajawahi kusikia ng'ombe wanaohesabiwa kwa ovari, akamwongezea chai. Ng'ombe hawakupungua. Lakini nisiwadanganye, kwa mabinti wengine mazungumzo kama hayo yameishia pale pale mlangoni.

Dawa zipo. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunaweza kurudisha hedhi. Na chakula chake hakiagizwi kutoka mbali: dona badala ya sembe, maharage, mboga za majani, maparachichi ambayo huku Rungwe tunayaona yakioza chini ya miti. Soda na chai ya vijiko vinne vya sukari ndivyo vya kuagana navyo. Kuna metformini, ile ya wenye kisukari, inayosaidia upande wa insulini. Imezwe na chakula, la sivyo tumbo litakuendesha. Na kwa anayetafuta mtoto, dawa inayotangulizwa na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 ni letrozoli, inayomezwa siku 5 mwanzoni mwa mzunguko. Kidonge hiki kilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, na kikaratasi cha ndani ya boksi kinasema hivyo. Mume wangu alikisoma usiku, akaniamsha: "Umenificha nini tena?" Basi mwambie na hilo mapema.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2014 ulichukua wanawake 750 wenye PCOS, nusu wakapewa letrozoli na nusu klomifeni, dawa ya zamani, kwa mizunguko isiyozidi 5. Waliojifungua watoto hai walikuwa karibu 28 katika kila 100 upande wa letrozoli, na 19 upande wa pili. Ziangalieni hesabu hizo kwa macho mawili. Ni nafuu ya kweli, lakini wengi bado hawakupata kwa muda ule. Mwambie mchumba ukweli huo wote, asije akadhani ukimeza leo kesho kutwa mnanunua beseni la kuogeshea mtoto. Sisi tunaye mmoja. Wa pili tunamngoja, na safari hii nimechoka kuliko mara ya kwanza. Sijui nani aliwaambia watu kwamba mwenye mmoja haumii.

Mtu akiwa na hedhi za kawaida, huambiwa ajaribu mwaka mzima kabla ya kuanza vipimo, au miezi 6 akiwa amevuka miaka 35. Ambaye hedhi zake zinapotea asingoje mwaka. Rufaa nyingi za uzazi za huku kwetu huishia hospitali ya wazazi ya Meta, Mbeya mjini. Aende na karatasi zake zote na tarehe za hedhi zimeandikwa. Mimi naziandika kwenye kalenda ya ukutani, ile ya kanisa, kwa alama ndogo ambayo wageni wanadhani ni siku za kwaya.

Hata asiyetaka mtoto sasa, hedhi ikipotea zaidi ya miezi 3 asifurahie kwamba amepumzika. Utando wa ndani ya mji wa mimba unaendelea kuongezeka unene bila kutoka, na ukiachwa hivyo miaka unaweza kugeuka saratani. Kuna vidonge vya kuirudisha hedhi, na ni vya bei ya kawaida. Hili naona halisemwi kabisa, kwa sababu kila mtu anaulizia mtoto tu.

Na lile gari la matangazo linalopita siku za soko, "chango la uzazi, kizazi kuchafuka, mirija kuziba, homoni kuvurugika, dawa ni moja tu," nalo mliache lipite. Ovari haina uchafu wa kusafishwa. Pesa niliyoona majirani wameimwaga kwenye chupa zile ingelipia altrasaundi na vipimo vyote vya damu, na nauli ingebaki.

Amwambie lini? Majibu yakishakamilika, na kabla wazee hawajakaa. Amwonyeshe karatasi, aseme maneno haya au yanayofanana nayo: mayai yangu hayatoki kila mwezi, tunaweza kuhitaji dawa, inaweza kuchukua muda, na wewe upime. Akitaka wakaonane na daktari pamoja, wakaonane.

Nani mwingine ajue, hilo mkubaliane wawili, na mimi nashauri wawe wachache. Baba mdogo alijua, mmeona. Mama mkwe wangu mpaka leo anajua nina "presha ya damu", na huniletea vitunguu saumu kila akija. Naye ni msomaji wenu wa miaka mingi. Shikamoo mama, Jumapili tunakuja.

Msomaji, Tukuyu