Noah, Alphard au Prado kwa mitaa ya Malindi: shika tepu kwanza

Ndugu yangu, naliweka swali lako hapa kwa ufupi ili na wengine wafuate: nyumbani mko saba na mnabanana kwenye Vitz, nyumba iko Shella, hii ya Malindi si ile ya Lamu, ndani ya kichochoro cha futi 11, chenye kona moja ya mraba kisha geti la futi 10 ubavuni, unachagua kati ya Noah, Alphard na Prado, mjini unaogopa kupaki, na mara mbili kwa mwaka mnakwenda Lamu. Waliokujibu mwanzo wamekujibu kwa mapenzi ya gari. Mimi nakujibu kwa tepu.

Anza na jambo ambalo watu hawaliamini mpaka wapime wenyewe. Noah ya kawaida ya 2014 hadi 2021 ina upana wa sentimita 169.5. Vitz yoyote ya 2005 kuendelea ni hizo hizo 169.5. Haikutokea kwa bahati. Sheria ya Japani inayoainisha magari imeweka mpaka wa daraja la magari madogo: urefu usizidi mita 4.7, upana mita 1.7, kimo mita 2, injini cc 2000. Likivuka kimoja tu, linahamia daraja la juu. Kwa hiyo waliotengeneza Noah wamelivuta gari juu na nyuma, wakaliacha jembamba. Urefu wake ni mita 4.695, yaani wamesimama sentimita nusu kabla ya mpaka. Angalia tu usiuziwe yenye bodi ya kimichezo ukidhani ni ile ile: Noah Si na pacha wake Voxy ZS za miaka hiyo zina sentimita 173 hadi 173.5, na toleo jipya la 2022 lina 173. Alphard iliyoanza 2008 ina 183. Prado 150 ina 188.5.

Sasa rudi kwenye kichochoro. Futi 11 ni sentimita 335. Chukua siku ambayo gari limelala nje kwa sababu ua umejaa wageni. Umekunja vioo, umeacha sentimita 20 upande wa ukuta. Ukiwa na Noah, inabaki nafasi ya sentimita 145. Tuktuk ina upana wa 130. Dereva ataguna, lakini atapita. Ukiwa na Alphard zinabaki 132, na hapo lazima mtu ashuke amwelekeze, na bado kioo kitakwaruzwa. Prado inabakisha 126, yaani bodaboda na mkokoteni tu. Hii ndiyo tofauti utakayoishi nayo kila siku. Jirani akishindwa kutoa mgonjwa usiku, au waliobeba jeneza wakikwama ubavuni mwa gari lako, maneno hayataisha hata arobaini ikipita.

Kwenye kona, mambo yanageuka. Hapa upana si kitu sana. Kinachotawala ni urefu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Noah ina mita 2.85, na ukikata usukani mpaka mwisho, tairi la mbele la nje linachora duara la nusu kipenyo mita 5.5. Piga hesabu hiyo kwenye karatasi utapata kwamba tairi la nyuma la ndani linapita kama mita nzima ndani zaidi ya tairi la mbele la upande huo huo. Ndiyo maana Noah nyingi mjini bampa la mbele ni zima, na mlango wa kuburuta wa kushoto umechubuka chini: dereva aliona pua imepita nguzo, akasahau kwamba ubavu bado unakuja.

Kona ya mraba kati ya vichochoro viwili vya upana mmoja inahitaji karibu mita 3.9 ili Noah ipite bila kurudi nyuma, Alphard na Prado zinavuka 4 kidogo, na hata Sienta ndogo ya 2015 inataka kama 3.7. Hizo ni hesabu za karatasi. Mtu mwenye mikono ya kawaida aongeze sentimita 30. Kwa hiyo kwenye kichochoro chako hakuna hata moja itakayokata kona kwa mara moja. Zote zitapita kwa kurudi nyuma na kwenda mbele, ila Noah utaichezesha mara moja au mbili, na hizo mbili nyingine utazichezesha huku watoto wa madrasa wamesimama wanakutazama.

Usiamini maneno yangu wala ya muuzaji. Chukua mkaa au majivu, chora chini mbele ya geti mstatili wa sentimita 470 kwa 170, kisha ongeza 20 kila upande kwa ajili ya vioo. Fanya hivyo hivyo kwa 485 kwa 183, na 476 kwa 188. Halafu jifanye unafungua milango: mlango wa mbele unataka kama sentimita 60 mtu mzima ashuke bila kujipinda, na mama mwenye mtoto begani anataka 80. Noah na Alphard zinajiokoa kwa mlango wa kuburuta, unaoomba nafasi ndogo tu pembeni. Prado haina msaada huo.

Geti. Ingia kwa rivasi, kila siku, bila kubishana. Matairi ya nyuma hayakati, kwa hiyo mkia unaingia kwenye nafasi nyembamba kama sindano, na pua ndiyo inayozunguka. Ukiingia kwa pua, ile mita moja ya tairi la nyuma inakula nguzo. Geti likiwa kushoto kwako, fanya hivi: njoo umekaribia ukuta wa geti, kama sentimita 60. Bega lako likiisha kuipita nguzo ya pili, kata kulia, peleka pua kwenye ukuta wa mkabala, simama ukibakisha sentimita 30. Gari sasa limekaa mshazari na mkia unatazama geti. Kata kushoto mpaka mwisho, rudi taratibu, macho kwenye kioo cha kushoto na tairi la nyuma. Kona ya mbele ya kulia ikianza kukimbilia ukuta, simama, nyoosha usukani, rudi kidogo mpaka pua iachane na ukuta, kisha kata kushoto tena. Kosa la kawaida ni kukata kushoto kabla tairi la nyuma halijafika usawa wa nguzo. Hapo nguzo inaingia katikati ya mlango na huwezi kwenda mbele wala nyuma bila kukwaruza. Kama unajenga upya, geti la futi 12 la kuburuta, lililorudishwa ndani ya ua futi tatu, litakusaidia kuliko kamera yoyote.

Mlango wa nyuma ndio usiotajwa na wauzaji. Wa Noah ni mkubwa mno, unataka karibu mita moja nyuma yake. Watu wanapaki mpaka bampa linabusu ukuta, kisha wanatoa mtungi wa gesi na gunia la mchele kwa kuvipitisha juu ya viti. Weka gogo la mnazi chini, mita 1.6 kutoka ukutani, unene usizidi sentimita 12: tairi la nyuma likigusa gogo, umebakiwa na mita moja ya mlango. Banda la makuti nalo, boriti ya chini kabisa iwe mita 2.3, maana mlango ukiinuka unapita kimo cha gari na unatoboa makuti. Kama ua wako ni mfupi kweli, tafuta Nissan Serena iliyoanza 2016, ambayo nusu ya juu ya mlango wa nyuma inafunguka peke yake. Mlango wa nyuma wa Prado unafunguka kando kama mlango wa nyumba, lakini kioo chake kinainuka peke yake, na mfuko wa sokoni unapita hapo.

Kwa nini basi mji umejaa magari haya? Fahari ipo, hasa kwa Alphard. Lakini hesabu ni ya nyumbani: watoto wa shule na wa madrasa, bibi anayepelekwa hospitali, arusi ya Mambrui, maziko ya Mombasa ambako ni kilomita 120 hivi. Magari mawili madogo yanataka nafasi mbili za kupaki na madereva wawili. Noah moja inataka moja.

Mjini, tatizo la Barabara ya Jamhuri na upande wa soko si upana wa gari bali ni mtaro. Mitaro mingi iko wazi au slebu zake zimevunjika, na masika maji yakijaa huuoni ukingo. Kabla ya kusogea pembeni, mtu ashuke. Hakuna mtu? Usivuke mstari wa magari mengine yaliyokwisha kukaa. Kupaki kwa ubavu kati ya magari mawili, Noah inataka mita 6.2 kwa raha. Chini ya 5.9 achana nayo, tafuta mbele. Ijumaa kuanzia saa sita usijaribu karibu na msikiti wowote mkubwa isipokuwa na wewe unaingia kuswali na utatoka na wenzako. Ukilazimika kumzibia mtu, andika namba ya simu, ichomeke kwenye waipa. Wengine huacha gia kwenye N na handbreki chini ili gari lisukumwe. Barabara tambarare na jiwe nyuma ya tairi, sawa, lakini barabara zinazoshuka baharini, hapana. Tiketi ya kaunti ilipe kabla ya kuondoka kwenye gari, si ukirudi. Kanjo, askari wa kaunti, hasikilizi habari za dakika tano.

Baadhi ya Noah na Alphard huja na kioo kidogo cha ziada upande wa kushoto, kwenye bega la mbele au chini ya kioo cha pembeni. Mafundi wengi wanakitoa wakisema ni ushamba. Kiache. Kinakuonyesha pale chini kushoto ambapo mtoto wa kimo cha mita moja au pua ya tuktuk inapotea kabisa. Kamera ya nyuma nayo inashika ukungu wa chumvi. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi kila asubuhi, la sivyo unatazama maziwa.

Milango ya umeme. Mchanga wa pwani unaingia kwenye reli ya chini, vigurudumu vinakwaruza, mota inavuta zaidi, mwisho waya wa kuvutia unachanika na mlango unakwama nusu. Dalili ya kwanza ni mlango kusita na kurudi wenyewe ukiwa katikati. Piga reli kwa brashi kavu kila wiki, pangusa, kisha dawa ya silikoni kidogo. Usipake grisi nzito, inakusanya mchanga ukawa msasa. Waya ukianza kunguruma, zima swichi ya umeme iliyo kwenye dashibodi, fungua kwa mkono, mpaka fundi aone.

Kivuli: mnazi si kivuli cha gari. Kidaka kinapiga alama, karara inakwaruza, nazi kavu inapasua kioo cha mbele. Kama hakuna pengine, mlipe mkwezi aangue kabla ya upepo wa kusi kukolea, na makuti makavu ashushe pia. Mwembe unatoa utomvu unaokula rangi. Mvinje ni salama zaidi, ila sindano zake zinaziba matundu ya maji chini ya waipa. Toa kwa mkono. Ukikaa karibu na bahari, mwagia maji ya bomba kondensa ya AC na chini ya gari kila wiki.

Lamu. Gari linaishia Mokowe, upande wa bara; ng'ambo unavuka kwa boti, na kwenye vichochoro vya mji mkongwe hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa kusubiriana. Ukiliacha zaidi ya siku tano, tumia P na mawe mbele na nyuma ya tairi, usivute handbreki: chumvi inagandisha breki za nyuma. Toa waya wa hasi wa betri kwa spana namba 10. Ukirudi na kuurudisha, mlango wa umeme hautatii kitufe. Usiulazimishe wala usiite fundi, ufunge kwa mkono mpaka mwisho mara moja, kisha jaribu tena.