Ufa wa Ghala

Zuhura mwanangu,

Salamu zako zimefika, na mama yako anasema uvae soksi. Umeniuliza kama uhame mada ya utafiti wako, kwa kuwa miaka miwili umeijenga juu ya nyufa za mishipa ya damu kwenye uvimbe wa saratani, na sasa watafiti wa Toronto, Kanada, wamesema chembe nano, zile chembe ndogo mno za kubebea dawa, hazipiti sana humo. Nitakujibu. Niache kwanza niseme la ghala.

La ghala unalijua, ila hukusimuliwa lote. Mwaka 1986 sukari ilikuwa adimu, na kila mwezi viroba vilipungua. Nyuma ya ghala bati moja lilikuwa limeachia. Mimi ndiye niliyeliona, nikajiona nimemaliza kesi: pana ufa, pana mali iliyopotea, basi mali imepita ufani. Kulikuwa na kuli mmoja mwembamba, kijana wa Pangani, aliyependa kuvutia sigara huko nyuma. Jina lake nililiandika kwa mkono wangu. Akafukuzwa, bati likapigiliwa misumari, na mwezi uliofuata viroba vikapungua vilevile.

Mama yako alikuwa ananimiminia chai, akauliza, "Hivi kiroba cha kilo 50 kinapenya hapo?" Sikuwa nimepima! Kumbe vilitoka getini, mchana kweupe, juu ya mkokoteni, mlinzi akifungua mwenyewe.

Ndiyo maana nawaimbia kila siku: ukiuona ufa, upime.

Mwaka uleule wa 1986, kama ulivyonieleza, Matsumura na Maeda wa Kumamoto, Japani, waliandika kwamba molekuli kubwa hujikusanya kwenye uvimbe kwa sababu mishipa yake inavuja, na limfu, mifereji ya mwili inayoondoa majimaji, haikizoi kilichoingia. Siwalaumu. Ufa waliuona, mali waliikuta ndani. Na wao hawakumponza mtu.

Lile jaribio la Toronto la 2020 ulilonitumia nimelisoma mara tatu. Walichukua panya wenye uvimbe, wakazigandisha seli zao kwa kemikali zisiweze kufanya kazi tena, kisha wakapitisha chembe za dhahabu mishipani. Mlinzi amekufa, nyufa ziko palepale. Zilizoingia zikawa chache mno kuliko kwa panya hai. Kwa hesabu yao, hadi 97 katika kila 100 huvushwa na seli zenyewe za ukuta wa mshipa. Nami laiti ningempa mlinzi wangu likizo ya wiki moja tu!

Lakini panya si mtu. Uvimbe wake huota kwa wiki chache, wetu huweza kuchukua miaka. Na ile doksorubisini, dawa ya saratani, iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta iliruhusiwa Marekani mwaka 1995, watu wakatibiwa nayo kabla ya mabishano haya ya geti. Ufa au geti, mgonjwa inamhusu nini? La, najidanganya. Inamhusu sana. Wewe mwenyewe uliniambia kuwa tafiti za miaka kumi zilipojumlishwa mwaka 2016, kilichofika kwenye uvimbe kwa kawaida hakikutimia hata 1 kwa 100 ya dozi iliyodungwa. Mtu akishinda anapanua ufa ilhali funguo anazo mlinzi, mgonjwa ndiye anayengoja.

Kwa hiyo uhame? Hapa nilikuwa nimeshaandika jibu, nikalikata kwa wino, usijaribu kulisoma. Mwenye darubini ni wewe. Ila ulisema picha za mishipa unazo kabatini na nyufa hujazihesabu. Zihesabu, kisha ndipo unipigie.

Mwaka juzi nilikwenda Pangani kumtafuta yule kijana. Sasa ni mzee mwenzangu, anauza madafu karibu na kivuko. Alinikatia moja, akakataa pesa. Ghala hakulitaja, nami sikulitaja.

Baba yako