Je, taya langu linafaa kupandikizwa meno?

SWALI

Mbukwenyi, Daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 63, naishi Kongwa. Magego matatu ya mwisho ya chini, upande wa kushoto, niling'olewa kati ya mwaka 2017 na 2019. Nilitengenezewa meno ya kuvua, lakini nikila yananyanyuka na kuteleza, siku hizi yanakaa kwenye kikombe dirishani. Natafuna upande mmoja, na karanga mke wangu ananitwangia. Nina sukari tangu 2015, natumia metformini, na leo asubuhi kabla ya chai kimashine kilisoma 7.9. Ugoro natumia, sitakuficha. Kijana wangu aliye Dodoma mjini alinipeleka mahali, wakanimulika mdomoni kwa tochi, wakasema nafaa, nitangulize nusu ya fedha kazi ianze wiki ijayo. Jirani naye anasema mwenye sukari, tena wa umri wangu, hapandikizwi jino. Nani mkweli? Halafu meno yangu yana rangi ya kahawia kwa maji ya kisima niliyokunywa utotoni Singida. Hilo nalo ni kizuizi?

Mwalimu mstaafu, Kongwa

JIBU

Shikamoo, Mwalimu. Fedha usitangulize. Kati ya hao wawili hakuna aliyekwambia ukweli, na aliyeshika tochi amenitia hofu kuliko jirani yako.

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titaniamu inayozamishwa mfupani mahali pa mzizi wa jino, na juu yake ndipo jino hufungwa. Hakishikwi na gundi, kinashikwa na mfupa wenyewe. Daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, aliliona hilo miaka ya 1950 akichunguza mifupa ya sungura: vifaa vyake vya titaniamu vilikuwa vimeshikwa na mfupa hata havikutoka tena. Mtu wa kwanza aliwekewa vipandikizi mwaka 1965. Kwa hiyo ukiniuliza kama unafaa, nami nauliza mambo mawili. Mfupa upo wa kutosha? Na mwili wako una nguvu ya kuufanya uishike ile skrubu?

Jino likishatoka, mfupa uliolishikilia huanza kunyauka. Mwaka wa kwanza tu upana wake huweza kupungua hadi karibu nusu, na sehemu kubwa hupotea miezi mitatu ya mwanzo. Wewe imepita miaka. Pitisha ulimi pale penye pengo: ukikuta fizi pana na ya mviringo, hiyo ni dalili njema, ukikuta imechongoka kama mgongo wa kisu, huenda mfupa umekwisha na utahitaji kuongezewa kwanza. Lakini ulimi unakisia tu, na tochi haioni mfupa kabisa. Inatakiwa picha, na kwa taya lako naomba iwe CT skani ya taya, inayoonyesha urefu na unene.

Nasisitiza picha kwa sababu ya mama yangu mzazi. Ndani ya taya la chini, chini ya magego, unapita mfereji wenye mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Skrubu inatakiwa iishie angalau milimita 2 juu yake. Mama aliwekewa kipandikizi na mtu aliyekadiria kwa macho, mimi nikiwa bado masomoni. Mpaka leo nusu ya mdomo wake wa chini ina ganzi. Akinywa chai ikamchuruzika kidevuni hana habari, hadi mjukuu amletee kitambaa. Siku hizi akija mgeni hanywi chai. Naandika haya nikiwa na uchungu, Mwalimu, maana picha moja ingetosha.

Sasa sukari. Haikuzuii, mradi imetulia. Hiyo 7.9 ya kimashine ni habari ya asubuhi moja. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa takribani miezi mitatu, na usichanganye namba zake na za kimashine, ni vipimo tofauti. HbA1c ikiwa asilimia 7 au chini, sina wasiwasi. Kati ya 7 na 8 tutakaa tuzungumze, pamoja na daktari wako wa sukari. Ikizidi 8, mimi nasubiri, kwa kuwa kidonda huchelewa kupona, wadudu hupata nafasi, na skrubu hulegea. Umri wako hauna neno. Ninaowakataza kwa umri ni vijana ambao taya bado linakua.

Ugoro ndio unaonisumbua. Pale unapokaa huichubua fizi, fizi hushuka, na kama wapo wanaovuta sigara wanaosoma hapa, hao nao vipandikizi vyao hushindwa zaidi. Acha kabla hatujaanza, usiurudie mfupa unapojenga, na kwa kweli ningependa usiurudie kabisa. Meno uliyobaki nayo yasafishwe ugaga kwanza. Kupandikiza kwenye kinywa chenye fizi zinazovuja damu ni kupanda mbegu kwenye shamba lenye mchwa.

Ile rangi ya kahawia ni ya floraidi nyingi ya maji ya visima, tunaiona sana huku kwetu kanda ya kati. Iko kwenye jino, haikuzuii.

Na si lazima uwekewe matatu. Daraja, yaani jino bandia linaloegemezwa kwenye meno ya pande zote mbili za pengo, haliwezekani, maana nyuma ya pengo hakuna jino la kuliegemeza, lakini gego la mwisho kabisa mimi nisingelirudisha. Mawili yanakutosha kutafuna karanga, pengine hata moja. Uliza pia kama bei unayotajiwa ni ya skrubu peke yake au na jino la juu. Taya la chini huhitaji kama miezi mitatu hivi kabla ya kufunga jino, kwa hiyo panga na shamba lako.

Mfuko wa dawa uje nao wote, hata za presha, hata za mifupa na zile za kulainisha damu kama zipo. Kuna dawa za mifupa, na mionzi ya saratani iliyopigwa tayani, ambazo hubadilisha jibu langu lote. Lakini usiache dawa yoyote kwa ajili yangu. Siku ya kuja, unywe chai na metformini yako kama kawaida. Na yale meno yaliyoko dirishani yalete pia, huenda yanahitaji kurekebishwa tu.