JavaScript ina mzoa taka wake, mbona kumbukumbu inajaa?

SWALI: Nimetengeneza ukurasa wa oda za duka, unashinda wazi kutwa nzima. Mtumiaji akibadilisha tawi, najenga jedwali jipya na kuanzisha setInterval ya kuleta oda kila sekunde 5. Asubuhi unakula MB 60, jioni MB 900 na kivinjari kinakwama. Si JavaScript inasafisha kumbukumbu yenyewe?

JIBU: Inasafisha, ila haijui usichokihitaji, inajua kisichofikika tu. Mzoa taka (garbage collector, sehemu ya JavaScript inayosafisha kumbukumbu) huanzia kwenye mizizi, yaani vigeu vya jumla, ukurasa ulio wazi, funksheni zinazoendelea na taima zilizo hai, kisha hufuata kila uzi unaotoka hapo, yaani kila rejeo la kitu kimoja kwa kingine. Alichokifikia hukitia alama, kilichobaki hukifagia. Vitu viwili vinavyoshikana vyenyewe kwa vyenyewe havimzuii. Ule ushauri wa kuvunja mizunguko kwa mkono ni wa enzi za Internet Explorer 6, achana nao.

Kosa lako ni taima za zamani. Kivinjari kinaishika taima, taima inashika funksheni, funksheni inashika jedwali uliloliondoa. Hata ikishika kisanduku kimoja tu cha jedwali, jedwali zima linabaki, maana kisanduku kinamjua mzazi wake. Ukibadilisha tawi mara 40 una taima 40, na seva yako inapigwa maombi 8 kila sekunde.

Thibitisha kwanza. Kwenye Chrome bonyeza F12, fungua Memory, piga Heap snapshot, yaani picha ya vitu vilivyo kwenye kumbukumbu. Badilisha tawi mara 10, bofya alama ya kuzoa taka, piga picha ya pili. Chagua Comparison, andika Detached kwenye kichujio, upate vipande vilivyoondolewa kwenye ukurasa ila bado vimo kwenye kumbukumbu. Bofya kimojawapo, kisha soma Retainers chini yake: hapo ametajwa anayekishikilia.

Kisha hifadhi namba inayorudishwa na setInterval, na uite clearInterval kabla ya kujenga jedwali jipya. Kama umeweka wasikilizaji (funksheni zinazosubiri tukio kama kubofya) kwenye window au document, nao uwaondoe. Hapa watu wengi wanakwama: removeEventListener inataka funksheni ileile uliyoipa addEventListener. Ukiandika nyingine isiyo na jina, hata ikifanana herufi kwa herufi, haiondoi kitu wala hailalamiki. Mimi napendelea AbortController, kifaa cha kivinjari cha kusitisha kazi: wape wasikilizaji wote signal moja, abort() moja inawaondoa kwa mkupuo.

Kuweka null (thamani tupu) kwenye kigeu kimoja hakusaidii kama uzi mwingine bado upo.